Parokia: Neno la Wageni



Leo nakuletea neno moja tu. Tunalitamka kila wiki bila kulitazama: parokia. Tunasema parokia yetu, paroko wetu, kwaya ya parokia, mchango wa ujenzi wa parokia. Ukienda kwenye kongamano la VIWAWA ukaulizwa unatoka wapi, unataja parokia kabla hata ya kutaja kijiji. Limekuwa kama jina la ukoo.

Sasa nikuulize, parokia ni ya nani? Usijibu haraka. Kwanza tulifuatilie neno lenyewe lilikotoka, maana majibu mengine yamefichwa humo humo ndani ya neno.

Mimi nililianza kulifuatilia kwa sababu ya Kihispania. Vijana wenzetu walipokusanyika Panama kwa Siku ya Vijana Duniani, Januari 2019, nilikuwa nawafuatilia kwa simu nikiwa hapa Masasi, bando likikata na kurudi. Kihispania sikijui, lakini kuna maneno mawili niliyashika upesi: parroquia, na padre wake anayeitwa párroco. Nikacheka peke yangu. Si ndiyo hawa hawa parokia na paroko wa kwetu? Nikataka kujua nani kamwazima nani. Kumbe wote tumeazima. Sisi, Wahispania na Waingereza wenye "parish" yao tumechota kisima kimoja, na kisima hicho ni cha Kigiriki.

Anayekaa kando ya nyumba

Kwa Kigiriki neno ni "paroikia". Limeunganishwa kwa vipande viwili. "Para" ni kando ya, na "oikos" ni nyumba. Kutoka kwenye hiyo "oikos" dunia imepata maneno mengi. Waingereza wanasema "economy", Wahispania "economía", na maana ya mwanzo ilikuwa utunzaji wa nyumba. Ekolojia imetoka humo. Hata dayosisi, neno wanalolitumia ndugu zetu Waanglikana na Walutheri, lina nyumba hiyo hiyo ndani yake.

Basi "paroikos" ni mtu anayekaa kando ya nyumba. Mwanzoni alikuwa jirani tu, lakini baadaye neno likawa na maana nzito zaidi. Katika miji ya Wagiriki paroikos alikuwa mgeni mkaazi. Yupo mjini, anafanya kazi, ana mke na watoto pale, lakini si raia. Na "paroikia" ni hali yenyewe ya kuishi hivyo, yaani ugeni.

Soma tena hapo. Parokia, kwa asili yake, maana yake ni ugeni.

Wayahudi walipoyatafsiri Maandiko yao kwa Kigiriki, karne kadhaa kabla ya Kristo, walilitumia neno hili mahali panapouma. Sara alipofariki, Abrahamu aliwaendea Wahiti kuomba mahali pa kumzika, akajitambulisha kwao kuwa ni paroikos, mgeni anayekaa kati yao (Mwanzo 23:4). Musa akiwa ukimbizini Midiani alimpa mwanawe jina la Gershomu, na sababu aliyoitoa ni kwamba yeye mwenyewe ni paroikos katika nchi isiyo yake (Kutoka 2:22).

Wakristo wa kwanza wakalipokea neno hilo na kujiita nalo. Mtume Petro anawaandikia waamini kama watu walioko ugenini (1 Petro 1:17 na 2:11). Mwishoni mwa karne ya kwanza, Kanisa la Roma lilipowaandikia Wakorintho barua tunayoiita ya Mtakatifu Klementi, halikujitambulisha kama Kanisa lenye makao yake Roma. Lilijitambulisha kama Kanisa linaloishi ugenini Roma, likiliandikia Kanisa linaloishi ugenini Korintho. Ndipo polepole "paroikia" ikawa jina la jumuiya ya waamini wa mahali fulani. Yaani walipotafuta jina la kujiita, waliacha maneno yote ya wenye nyumba wakachagua la wageni.

Kuni na chumvi, kisha ukuta

Neno likaingia Kilatini kama "paroecia", halafu likabadilika kuwa "parochia". Wataalamu wa asili ya maneno wanaona lilivutwa na neno jingine lililofanana nalo kwa sauti, "parochus". Huyu parochus wa Warumi alikuwa mtu wa barabarani. Kazi yake ilikuwa kuwapatia wasafiri wa serikali mahitaji wanapopita, kama vile kuni na chumvi. Baadaye jina hilo likaja kumkaa padre wa parokia, na ndipo alipotoka párroco wa Wahispania na paroko wetu. Hebu fikiria: jina la paroko limebeba kumbukumbu ya mtu anayempa msafiri kuni na chumvi. Hakuna mkaazi wa kijijini anayehitaji kueleweshwa uzito wa vitu hivyo viwili.

Lakini maneno nayo huchoka njiani. Kwa Kihispania "parroquiano" ni mwanaparokia, na pia ni mteja wa kila siku wa duka au baa, yule ambaye muuzaji anamjua jina na kiti chake. Si tusi, lakini inafikirisha. Mgeni amegeuka kuwa mteja aliyezoeleka.

Kwa Kiingereza safari ilikuwa ndefu zaidi. "Parish" ilikuja kuwa si ya Kanisa peke yake, ikawa pia mkono wa serikali. Ndiyo maana mpaka leo jirani zetu wa Uganda wana "parish" kama ngazi ya utawala juu ya kijiji. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1601 iliipa kila parokia jukumu la kuwatunza maskini wake kwa kodi ya wanaparokia. Jambo jema kabisa. Lakini ukishatoa hela unaanza kuuliza maskini "wake" ni nani. Mwaka 1662 ikapitishwa sheria nyingine. Mgeni aliyehamia parokia akaonekana anaweza kuwa mzigo, wangeweza kumlalamikia ndani ya siku 40 akaondolewa na kurudishwa parokia yake ya kwanza.

Unaona kilichotokea? Neno lililomaanisha ugeni likatumika kumfukuzia mgeni. Na leo Mwingereza akitaka kusema mtu ana mawazo finyu, haoni zaidi ya mtaa wake, anamwita "parochial". Mtoto wa neno paroikia huyo.

Sisemi haya ili tuwacheke Waingereza. Nayasema kwa sababu ile njia waliyoipita haikuanza na ubaya. Ilianza na daftari la michango.

Huku kwetu nani mwenyeji?

Turudi nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa Masasi na siku hizi kazi yangu iko Newala, kwa hiyo ile barabara ya kupandisha uwanda wa juu wa Makonde naijua vizuri. Na nikitazama historia ya pande hizi mbili, naona tusingepata mahali panapofaa kuliko hapa kujifunza maana ya parokia.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alifika Masasi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, waliotokea Zanzibar. Nia ilikuwa kwenda mbele, upande wa Ziwa Nyasa. Wakaishia Masasi, wakajenga. Watu waliokuwa wameporwa kwao, wakauzwa, wakaachiwa, ndio walioanza jumuiya ya kwanza ya Kikristo pale. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huku walijulikana kama Magwangwara, waliishambulia misheni hiyo. Waliobaki wakahitaji pa kukimbilia, na sehemu ya misheni ikahamia Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Mkuu ambaye hakuwa na deni lolote kwao akawapa mahali.

Sisi Wakatoliki tulifika baadaye, na sisi pia tulifika kama wageni. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien kutoka Ujerumani walifungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896. Vita vya Majimaji vya 1905 vikazikumba, na mwaka uliofuata wakaanza Ndanda, ambayo leo ni abasia na hospitali inayojulikana kusini nzima. Watawa hawa wanaishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, na sura yake ya 53 inaagiza kila mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe. Walikuja na agizo la kupokea wageni mahali ambapo wao wenyewe walikuwa wageni.

Na makabila yetu je? Waulize wazee. Wamakua watakwambia habari za kuvuka Ruvuma. Wayao nao watakwambia za kwao. Hata Wamakonde, tunaowaita wenye uwanda, wana masimulizi ya kutoka ng'ambo ya mto. Halafu vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, watu wengi wakavuka tena kuja upande huu. Simama Newala pale Shimo la Mungu, tazama bonde linavyoshuka kuelekea Ruvuma. Huo mto tunauita mpaka, lakini kwa babu zetu wengi ulikuwa njia.

Kwa hiyo mtu akisema "sisi wenyeji wa hapa", mimi huwa natamani kumuuliza kwa upole, tangu lini?

Jina halimo kwenye daftari

Hilo ni rahisi kulisema kwenye makala. Sasa nikusimulie lilivyo gumu.

Miaka michache iliyopita, msimu wa korosho, katika jumuiya moja ambayo sitaitaja, alifariki kijana kibarua. Alitoka ng'ambo ya Ruvuma. Alikuwa anaokota korosho kwenye mashamba ya watu na kulala chumba cha kupanga. Kanisani alikuwa anakaa nyuma karibu na mlango, rozari shingoni, na Misa ikiisha anaondoka. Homa ilimshika, siku chache tu, akafa. Mwenye nyumba wake alikuja kwenye jumuiya kuuliza, jamani, huyu ni Mkristo wenu, tunamzikaje?

Nilikuwepo kwenye kikao hicho. Katibu alifungua daftari, jina halimo. Hana kadi, hana rekodi ya zaka, hana barua ya kutoka parokia aliyotoka. Ikawa kimya. Mhazini ndiye aliyesema lile ambalo wengi walikuwa wanaliwaza. Alisema, "Hapa tuna mama zetu wajane. Mwezi wa njaa, ndani hamna kitu, bado wanaleta mchango wao. Tukimzika huyu sawasawa na tunavyowazika wao, kesho nani atatoa? Na wale waliotoa, tutawaambia nini?"

Kijana mwenzangu, usimdharau mhazini huyo. Mtu huyo anajua bei ya sanda na bei ya mbao. Ni rahisi kuwa mkarimu kama si wewe unayeshika kitabu cha fedha.

Bibi mmoja akasema tu, "Mimi nimemwona kanisani. Kama mimi nimemwona, si anajulikana?"

Mabishano yaliendelea. Mwishowe katekista alisema yeye ataongoza sala, anayetaka kuja aje. Wengine hawakuja. Mhazini alikuja, na alikuja na jembe, akachimba kaburi pamoja na vijana. Tulipomaliza alinawa mikono akaniambia swali lake bado halijajibiwa.

Na kweli lilikuwa halijajibiwa. Nimekaa nalo muda mrefu. Hapa najaribu kulijibu.

Jembe la siku ya tatu

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tunapenda kuitumia kumsema mgeni mvivu. Mhazini naye angeweza kuitumia: huyu kijana alikaa msimu mzima, jembe la jumuiya hakulishika.

Lakini tazama nani ndiye mtendaji kwenye methali. Haisemi mgeni atafute jembe. Inasema mpe. Wajibu wa kwanza uko kwa aliyemkuta. Na kumpa mtu jembe si kumfukuza, ni kumwambia kuanzia leo hili shamba na wewe ni lako, twende. Anayebaki siku zote ni wa kuletewa chai sebuleni, huyo bado hajapokelewa. Sasa katika jumuiya yetu, ni nani aliyemfuata kijana yule pale mlangoni, katika miezi yote ile, akamwuliza jina lake na kumwambia Jumamosi tunasali nyumba fulani, njoo? Kama hakuna aliyempa jembe, hatuwezi kumdai mavuno.

Hilo ndilo jibu la kwanza kwa mhazini. Daftari ni zuri, lakini daftari haliendi mlangoni lenyewe. Jina kukosekana kwenye daftari linaweza kuwa kosa la mgeni. Mara nyingi ni taarifa kuhusu sisi.

Jibu la pili, Kanisa lenyewe limeshalijibu kwa sheria. Wengi hatujui, kwa hiyo lichukue hili uwe nalo, hasa wewe unayehama kwa masomo au ajira. Kwa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 518, parokia kwa kawaida ni ya eneo na ndani yake wamo waamini wote wa eneo hilo. Haijasema waamini walioandikishwa. Kwa kanuni ya 102, ukihamia mahali kwa nia ya kukaa angalau miezi mitatu, au ukiwa umeshakaa miezi mitatu, una makazi ya muda pale. Na kanuni ya 107 inasema kwa makazi hayo unampata paroko wako. Hata asiye na makazi popote, yule wa kuhamahama, naye ana paroko: ni paroko wa mahali alipo sasa hivi. Kanuni ya 529 inamtaka paroko awatafute kwa bidii ya pekee maskini, wapweke na walio mbali na nchi yao. Kibarua wa msimu wa korosho ana paroko. Mwalimu mpya kutoka Bukoba aliyepangiwa Newala ana paroko. Nesi aliyeripoti Ndanda juzi ana paroko.

Je, barua na vyeti havina maana? Vina maana sana. Cheti cha ubatizo kinahitajika kabla ya ndoa ili kujua ukweli wa mtu, na kulinda mtu asidanganywe ni upendo pia. Michango nayo ni halali, paa halijiezeki. Ninachosema ni kwamba karatasi ziko kwa ajili ya kumsaidia mtu aingie vizuri. Zikianza kutumika kumwambia mtu "wewe si wetu", tumeshaingia kwenye njia ya 1662.

Jibu la tatu ndilo linalonigusa zaidi, na linatoka kwa Abrahamu. Kumbuka alipojiita paroikos alikuwa anaomba nini. Alikuwa anaomba kaburi. Baba yetu wa imani, mikononi mwake ana maiti ya mke wake, hana hata kipande cha ardhi, anasimama mbele ya watu wasio wa kwao. Wahiti hawakumwuliza mchango. Walimwambia achague kaburi lolote lililo zuri kati ya makaburi yao, na yeye kwa heshima akasisitiza kulipa bei kamili ya shamba. Tazama uzuri wa pande zote mbili: mwenyeji hadai, mgeni hakwepi. Wale walikuwa wapagani. Sisi tunaomwita Abrahamu baba, na tunaojiita kwa neno lile lile alilojiita yeye, tungefanya pungufu?

Kwa hiyo mama mjane anayetoa mchango mwezi wa njaa, tumwambie nini? Tumwambie ukweli. Mchango wake haukununua kaburi lake. Angezikwa kwa heshima hata asingetoa senti, kwa sababu amebatizwa na kwa sababu ni mtu. Alichokifanya mchango wake ni kikubwa zaidi: siku ile kijana asiye na ndugu alipolala chini, kulikuwa na Kanisa pale la kumlaza. Sadaka yake ndiyo kuni na chumvi ya msafiri. Nadhani mama yule angelielewa hilo upesi kuliko sisi tuliokuwa tunabishana kwa jina lake.

Lakini Paulo anasema sisi si wageni tena

Kijana anayesoma Biblia vizuri atanishika hapa. Atasema, mbona Mtume Paulo anawaambia Waefeso kuwa wao si wageni tena wala paroikoi, bali ni watu wa nyumba ya Mungu? (Waefeso 2:19.) Sasa sisi ni wageni au si wageni?

Nafikiri yote mawili ni kweli, na yanategemeana. Duniani, Petro anatuambia tuko ugenini. Kwa Mungu, Paulo anatuambia tuko nyumbani. Lakini angalia tuliingiaje nyumbani humo. Paulo anasema tulikuwa mbali tukaletwa karibu kwa damu ya Kristo. Hakuna aliyeingia kwa kuwahi, wala kwa kuwa babu yake alibeba mawe ya kujengea kanisa. Sote tulikaribishwa. Basi katika nyumba hii mwenyeji ni mmoja tu, na si mimi wala si mwenyekiti.

Na huyo Mwenyeji naye alikubali kuitwa mgeni. Katika njia ya kwenda Emau, siku ya Ufufuko, Kleopa alimshangaa Yesu, akamwuliza kama ni yeye pekee mgeni Yerusalemu asiyejua yaliyotokea (Luka 24:18). Kwa Kigiriki kitenzi kilichotumika hapo ni kile kile cha paroikia. Bwana Mfufuka, siku ya kwanza kabisa, alidhaniwa kuwa mpita njia. Wale wanafunzi hawakumtambua. Lakini walimsihi akae nao kwa kuwa jioni ilikuwa inaingia, na alipoketi mezani, Yeye aliyekuwa mgeni ndiye aliyeumega mkate. Wangemwacha aendelee na safari yake, wangekuwa wamemwacha nani?

Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye Kihispania kilikuwa lugha yake ya kwanza, katika waraka wake wa mwaka 2013 juu ya furaha ya Injili aliifananisha parokia na mahali pa kunywa maji kwa wenye kiu walioko safarini. Mtu wa Newala analielewa hilo bila mahubiri. Juu huku maji hayakai, udongo unayanywa yote, na mama zetu kwa vizazi vingi walishuka mabondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Huku kumpa mgeni maji ni kumpa safari nzima ya mtu.

Tufanye nini sasa?

Mambo matatu tu, na yote yako ndani ya uwezo wa kijana asiye na hela.

Kwanza, Jumapili hii usikimbilie kwenye bodaboda Misa ikiisha. Tazama waliokaa karibu na mlango. Mfuate mmoja usiyemjua, mwulize jina lake, mwambie siku na nyumba ya jumuiya. Dakika mbili.

Pili, msimu wa korosho ukifungua, kikundi chenu cha vijana kitembelee vibarua waliokuja. Msiende na hotuba. Waulizeni wanatoka parokia gani, na kama wanahitaji kitu. Andikeni majina yao, na ya ndugu wa kupigiwa simu. Mhazini wetu alitaka jina kwenye daftari, na kwa hilo alikuwa na haki. Sisi vijana ndio wenye miguu ya kulifuata jina hilo.

Tatu, wewe ambaye ni mgeni mahali unaposoma hii, mwanachuo wa TMCS, mfanyakazi mpya, mke uliyeolewa mbali na kwenu, usikae mlangoni ukisubiri. Jitambulishe. Omba jembe. Abrahamu alisimama mbele ya watu akasema yeye ni nani.

Ya kujadili kwenye jumuiya au kikundi chenu:

1. Katika jumuiya yetu, mtu mpya huchukua muda gani kabla ya kupewa jukumu lolote?
2. Ni utaratibu gani wetu unaomsaidia mgeni kuingia, na ni upi unaomzuia?
3. Tungemjibuje mhazini?

Tusali.

Ee Yesu, uliyetembea njia ya Emau ukidhaniwa mpita njia, tunakushukuru kwa kutukaribisha nyumbani mwa Baba yako sisi tuliokuwa mbali. Uwakumbuke waliofia ugenini, walio na makaburi yasiyo na majina. Utupe macho ya kumwona aliye mlangoni, na mikono isiyochoka kumpa jembe. Utufanye parokia ya kweli. Amina.

Maria Mtakatifu, uliyekimbilia Misri na Mtoto wako, utuombee.